UZI: Mgonjwa wa nimonia ya virusi akisema moyo unaruka, usingoje kukuche

Muuguzi wa Zamu (Mbeya)

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Baridi imeshashika. Uyole asubuhi vidole vinakufa ganzi, Kitulo majani yanaamka na barafu, na wodini vifua vimeanza kujaa. Msimu kama huu simu yangu haipumziki, na swali ni lile lile: "Dada, mzee ana mafua makali, anahema, na leo anasema moyo unamruka. Tumpe dawa gani ya moyo?" Nimeona niliandike hapa wengi wasome kwa pamoja.

Niseme mapema ninachokiamini baada ya kukaa sana na wagonjwa wa aina hii. Mtu mwenye nimonia ya virusi akivurugika mapigo, dawa ya moyo huwa haitafutwi kwanza. Inaangaliwa oksijeni, homa, maji na chumvi za mwilini, na kila kidonge alichokwisha kumeza. Hizo zikikaa sawa, mioyo mingi inarudi kwenye mwendo wake yenyewe.

Moyo unaendeshwa na umeme unaoanzia chumba cha juu upande wa kulia. Mtu mzima aliyetulia unapiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, kwa mpangilio. Homa peke yake huongeza kama mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda. Kwa hiyo mwenye homa ya 39.5 kuwa na mapigo 110 sio ajabu, mradi yanakwenda sawasawa. Ukishusha homa nayo yanashuka.

Wasiwasi wangu ni pale yanapokwenda mbio kuliko homa inavyoeleza, au yanapokosa mpangilio: mawili ya haraka, kimya, moja, matatu. Hapo mara nyingi vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo badala ya kusukuma, na vya chini vinapokea amri zisizoeleweka. Wengine hupata kinyume chake, mapigo yanakuwa ya polepole mno hadi mtu anazimia. Na kuna lile baya kuliko yote, vyumba vya chini vikianza kwenda vyenyewe. Hapo muda uliopo ni dakika tu.

Sababu huwa zimefuatana. Mapafu yakijaa maji na uchafu, oksijeni inashuka na msuli wa moyo unakosa hewa wakati ule ule unaotakiwa kufanya kazi zaidi. Mwili ukipigana na virusi unamwaga kemikali za uvimbe na homoni za hofu, na zote zinauchokoza ule umeme. Kutapika na kuharisha kunaondoa chumvi za potasiamu na magnesiamu. Damu inaweza kuganda na bonge likaenda kuziba mishipa ya mapafu. Na kwa baadhi ya wagonjwa, msuli wa moyo wenyewe unavimba.

Wakati wa korona mambo haya yalihesabiwa vizuri. Madaktari wa Wuhan, Uchina, walitoa taarifa ya wagonjwa 138 mwezi Februari 2020: mapigo yalivurugika kwa asilimia 16.7 ya wote, lakini kwa waliokuwa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, ilikuwa asilimia 44.4. Baadaye hospitali ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ilifuatilia wagonjwa 700. Tisa moyo ulisimama, na wote tisa walikuwa ICU. Waandishi wenyewe walisema hali hiyo inaelekea kutokana na uzito wa ugonjwa mwilini mzima kuliko virusi peke yake kuushambulia moyo. Nilipoisoma nilikubaliana nayo, kwa sababu ndicho tunachokiona kitandani.

Niwape mfano mmoja. Usiku, mama wa makamo, nimonia pande zote mbili, mapigo 168 na hayana mpangilio. Mwenzangu mgeni alikimbilia kabati la dawa za moyo. Nilipofuata mpira wa oksijeni kwa mkono kutoka puani hadi kwenye mtungi, ulikuwa umekunjwa na mguu wa kitanda. Tukaunyoosha, tukamkalisha mgongo umeinuka, tukashusha homa. Majibu ya maabara yakaja: potasiamu 2.7, wakati inatakiwa iwe 3.5 hadi 5. Alikuwa ameharisha siku kadhaa nyumbani na hakuna aliyetueleza. Hadi jua linachomoza mapigo yalikuwa 96, yanakwenda sawasawa, na lile kabati halijafunguliwa.

Nyumbani mnaweza kufanya hivi. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, viweke kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa chini ya kidole gumba. Usitumie gumba lako, lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima ukitazama saa. Robo dakika ukazidisha kwa nne inadanganya pale mapigo yanapokuwa hayana mpangilio. Huku unahesabu, sikiliza kama yanakwenda kwa hatua moja. Mapigo zaidi ya 120 akiwa ametulia, au yasiyo na mpangilio ambao hakuwa nao, au chini ya 50 huku kizunguzungu kikimshika: tafuta usafiri. Kuzimia, maumivu ya kifua, midomo kubadilika rangi, kushindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, hayo hayahitaji hata kuhesabu. Ondokeni.

Karibuni kwa maswali.

Mwana Makete

Kamwene dada. Uzi huu umekuja kwa wakati wake, nimeusoma nikiwa kando ya kitanda cha mama. Ana miaka 67, kifua siku ya tano. Tunacho kile kifaa cha kubana kidoleni, kinaonyesha oksijeni 97. Lakini anahema, kichwa kinamuuma sana, na moyo anasema unadunda hadi masikioni. Baridi ya huku unaijua, tumemwekea jiko la mkaa chumbani na madirisha tumefunga. Kwa hiyo hiyo 97 si nzuri?

Muuguzi wa Zamu (Mbeya)

Ndugu yangu, kabla hujamaliza kusoma: toa jiko nje sasa hivi, fungua mlango na madirisha yote, mtoe mama chumbani mvike mablanketi akae penye hewa. Wote mliolala humo tokeni. Kisha rudi tuendelee.

Mwana Makete

Tumemtoa. Yuko sebuleni, mlango uko wazi.

Muuguzi wa Zamu (Mbeya)

Asante. Sasa sikia kwa nini nimekupigia kelele. Mkaa ukiungua penye hewa haba unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, na kile kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu hiyo. Kinasoma zote kama damu nzuri. Mtu anaweza kuonyesha 97 na moyo wake unakosa hewa. Kichwa kuuma na moyo kudunda kwa mtu aliyelala na jiko ni dalili za kuogopa, na mwenye nimonia anaumia mara mbili.

Hata bila jiko, namba ile isiwatulize sana. Vidole vya baridi havipitishi damu vizuri, kwa hiyo vipashe kwanza kwa kuvisugua. Hina na rangi ya kucha zinaweza kuvuruga usomaji. Tena, mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hiki kilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Na sisi tunaishi juu: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Makete mko juu zaidi, hewa ni nyepesi, hivyo hata mzima huku anaweza kusoma chini kidogo ya mtu wa Dar. Mwangalie mama kuliko unavyoangalia kifaa. Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi? Pua inatanuka? Anaongea kwa vipande?

Mpelekeni hospitali usiku huu. Mkifika, neno la kwanza mlangoni liwe kwamba alilala na jiko la mkaa chumbani, hata kama hamjaulizwa. Beba dawa zake zote kwenye mfuko.

Mzee wa Mwanjelwa

Mnawatisha watu bure. Korona ile iliyotusumbua 2020 na 2021 tulimaliza na nyungu, azithromaisini vile vidonge vitatu, na klorokwini kwa aliyeipata. Moyo kwenda mbio ni hofu tu ya kusoma mitandao.

Mfamasia wa Mafinga

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima yote naomba nijibu hili, maana ndilo linalonipa hofu kila nikikaa dirishani kuuza dawa.

Kila pigo likishapita, moyo unahitaji muda kidogo wa kujichaji upya. Kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, muda huo unapimwa. Kuna dawa zinaurefusha, na ukirefuka kupita milisekunde 500 moyo unaweza kuingia kwenye ule mbio wa vyumba vya chini alioutaja mleta uzi. Klorokwini na ndugu yake haidroksiklorokwini zinaurefusha. Azithromaisini nayo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake tangu 2013. Erithromaisini, levofloksasini, siprofloksasini, flukonazo, kwinini, zote zimo kwenye kundi, na hata dawa ya mseto ya malaria kwa kiasi fulani. Moja moja, kwa mtu mwenye moyo mzima na potasiamu ya kutosha, mara nyingi hupita salama. Mbili kwa pamoja kwa mtu anayeharisha, ana homa na oksijeni iko chini, hapo ndipo ajali inapotokea.

Marekani waliruhusu haidroksiklorokwini kwa dharura tarehe 28 Machi 2020, na tarehe 15 Juni mwaka huo huo wakaifuta ruhusa hiyo, kwa sababu faida haikuonekana na madhara ya moyo yalionekana. Wazee mnaikumbuka klorokwini tuliyoiacha kwenye malaria mwaka 2001, ile ya kuwasha mwili mzima. Kuizoea hakuifanyi iwe dawa ya mapafu.

Kuna nyingine hazitajwi. Salbutamo ya vidonge ambayo watu huninunulia kwa kila kikohozi: inakimbiza moyo na inashusha potasiamu kwa wakati mmoja. Vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini vinapandisha presha na mapigo. Mwenye presha anayemeza vidonge vya kukojoza maji tayari anapoteza potasiamu kila siku. Akianza kutapika hali inakuwa mbaya upesi. Na anayetumia propranolo au atenolo, zile dawa za presha na moyo, asiache ghafla kwa sababu "naumwa kifua". Moyo unarudi kwa kishindo. Akaulize kwanza.

Nyungu mzee sina ugomvi nayo kwa mtu aliyebanwa pua. Lakini mvuke hauongezi oksijeni kwenye damu. Mtu anayehema, saa anayofunikwa blanketi ni saa ya oksijeni aliyoikosa.

Mzee wa Mwanjelwa

Marahaba mwanangu. Hilo la dawa mbili kwa pamoja sikuwahi kuelezwa hivyo. Mke wangu anameza za kukojoza. Nimeelewa.

Mama wa Kiwira

Ndaga fijo kwa uzi. Swali langu ni la mtoto. Wangu ana miezi miwili na nusu, alizaliwa kabla ya muda. Mafua siku tatu, kifua kinakoroma. Nikimwekea mkono kifuani moyo unakimbia sana kuliko wangu. Nimeogopa.

Muuguzi wa Zamu (Mbeya)

Mama, moyo wa mtoto mchanga kwa kawaida unapiga 100 hadi 160, kwa hiyo lazima uuone unakimbia kuliko wako. Ukipita 220 akiwa ametulia, hapo ni tatizo la umeme lenyewe, na mtoto huwa amepauka na hanyonyi.

Kwa mtoto mimi naogopa zaidi moyo unaposhuka. Virusi vya kifua vinavyowapata wachanga wengi, RSV, vinaweza kumfanya mtoto mdogo, hasa njiti, asahau kupumua kwa sekunde kadhaa, na pumzi ikikatika mapigo yanafuata kushuka. Kwa hiyo hesabu pumzi kuliko mapigo. Mvue nguo ya juu, atulie, hesabu kifua kinavyopanda dakika nzima. Kwa umri wake, 50 na zaidi ni pumzi za haraka na anatakiwa kuonwa. Angekuwa chini ya miezi miwili ungehesabu kuanzia 60. Na kama amekataa ziwa, analegea, anakatisha pumzi, au midomo inakuwa ya bluu, usihesabu chochote. Kwa sababu ni njiti na kifua kinakoroma, mimi ningempeleka leo hata akiwa ananyonya.

Daktari wa Kihesa (Iringa)

Nimefurahi kuona uzi wa namna hii. Naongeza upande ambao dada ameugusa kwa haraka, maana wapo wagonjwa ambao moyo kweli ndio wenye shida na nimonia imeufichua tu.

Huku kwetu tunao vijana wengi, wasichana hasa, ambao valvu za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni bila wao kujua. Msichana wa miaka 22 anapata mafua makali, moyo unaingia kwenye mtetemo wa vyumba vya juu, na usiku mmoja mapafu yanajaa maji. Wapo kina mama waliojifungua miezi michache iliyopita, moyo umetanuka, miguu imevimba, wanadhani ni uchovu wa kunyonyesha. Hawa ukiwapa oksijeni wanapata nafuu nusu tu. Kwa hiyo kama mapigo hayajatulia baada ya mambo ya msingi kurekebishwa, mgonjwa anahitaji ECG na kipimo cha moyo cha ultrasaundi, na wengine rufaa hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar.

Mapigo yasiyo na mpangilio yakidumu, damu inatuama kwenye chumba cha juu na kuganda. Bonge likichomoka likaenda kichwani, ni kiharusi. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kuruhusiwa na dawa za kuzuia damu kuganda hata kama kifua kimepona. Asizikatishe kwa sababu anajisikia vizuri.

Na mafua ya kawaida ya influenza tusiyadharau. Mwaka 2018 watafiti wa Ontario, Kanada, walionyesha kwamba ndani ya siku saba za kwanza baada ya influenza kuthibitishwa, mtu ana uwezekano wa mshtuko wa moyo mara sita ya kawaida yake. Mzee mwenye kisukari na presha akisema "kifua kinabana" katikati ya mafua, msimpe dawa ya kikohozi mkalala.

Mwisho, mtu akianguka mbele yenu, haamki, hapumui au anatweta kwa mbali: mlazeni chali sakafuni, kandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana. Mmoja apige simu, mwingine atafute gari.

Dereva wa Tunduma

Wakuu, mimi nilipona. Nililazwa na nimonia, nikawekwa oksijeni, nikatoka. Shida ni kwamba sasa nikisimama tu moyo unachomoka, nikikaa unatulia. Nikibadilisha tairi nahema. Ninavyoelewa maelezo yenu, nimekuwa kama lori linalopanda Kitonga na mzigo ule ule lakini injini imechoka. Nirudi barabarani au bado?

Daktari wa Kihesa (Iringa)

Pole kaka. Fanya hivi: lala chali dakika tano, hesabu mapigo. Simama bila kuegemea, hesabu tena kila baada ya dakika mbili hadi zifike kumi. Yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko, mwambie daktari wako kwa namba hizo. Ni hali inayojulikana baada ya maambukizi ya virusi na ina matibabu yake. Maji ya kutosha na kurudi kwenye shughuli kidogo kidogo vinasaidia wengi. Lakini kwanza muulize aliyekutibu kama msuli wa moyo ulivimba. Kama ulivimba, kazi nzito na mazoezi makali vinasimama kwa miezi mitatu hadi sita, hata ukijiona mzima, kwa sababu moyo uliovimba ukilazimishwa unaweza kusimama ghafla. Kama umewahi kuzimia tangu utoke hospitali, usishike usukani mpaka upimwe ECG.

Dereva wa Tunduma

Kuzimia hapana, ila niliona giza mara moja nikiwa nashuka kwenye gari. Nitapima kabla ya safari. Bosi atasubiri.

Mwana Makete

Nimerudi na mrejesho. Mama alifika, akawekwa oksijeni ya kutosha, walifurahi tulipotaja jiko mlangoni. Kichwa kimeacha. Moyo jana ulikuwa 140 hauna mpangilio, leo 92. Wamesema potasiamu iko chini, wanampa kwa dripu. Sasa ndugu zangu wanalalamika dripu inakwenda polepole mno, wanataka kuifungulia iishe haraka atoke. Na shangazi ameleta ndizi na parachichi za Rungwe anasema ndiyo dawa ya potasiamu.

Muuguzi wa Zamu (Mbeya)

Mungu ashukuriwe, na hongera kwa kuwahi.

Hiyo dripu mtu asiiguse kabisa. Potasiamu ikiingia haraka mshipani inasimamisha moyo pale pale. Ndiyo maana inahesabiwa tone kwa tone, na sisi wenyewe huwa tunaikagua wawili. Akae mmoja wenu kitandani kazi yake iwe kulinda hicho kigurudumu cha dripu. Ndizi na parachichi ni chakula kizuri kwake akiweza kula, ila kwanza uliza majibu ya figo zake. Figo zikiwa dhaifu potasiamu inajaa mwilini badala ya kutoka, na hapo shangazi atalazimika kuzila mwenyewe. Pia wapelekee wauguzi vile vidonge vyake vya presha pamoja na kadi ya kliniki, waamue kipi kinaendelea na kipi kinasimama kabla hajarudi nyumbani.